Mchi wa Kusikilizia Maji

Mchi ulikuwa wangu. Naanza hapo kwa sababu watu wa Malindi wakimtaja mume wangu Kahindi husema "yule fundi wa mchi", kana kwamba alizaliwa nao mkononi. Nilipewa na mama siku nilipoolewa, mchi wa mbambakofi, mzito, wa kutwangia mpaka wajukuu. Mwaka wa pili wa ndoa Kahindi aliuchukua asubuhi moja, akauweka ncha moja kwenye sakafu ya nyumba ya mtu huko mtaa wa Shela na ncha ya pili sikioni, akasikia maji yakitoka mahali ambapo mafundi watatu walikuwa wamepapita. Tangu siku hiyo nikawa mwanamke wa kuazima mchi kwa jirani.

Kazi yake ilikuwa kutafuta maji yanayovuja pasipoonekana. Alipenda kwenda saa saba mchana, watu wakishakula na kujilaza, mji umenyamaza. Alitaka mifereji yote ifungwe, redio izimwe na kuku wafukuzwe uani. Kwanza alitazama mita. Ikiwa hakuna anayeteka na sindano bado inazunguka, basi maji yamepata mlango mwingine. Kisha tangi la choo alilitia bluu ya kufulia kanzu, akangoja. Bluu ikishuka chini bila mtu kuvuta, kazi imekwisha, anabadilisha mpira na kwenda zake. Isiposhuka, ndipo mchi ulipotoka kwenye gunia.

"Maji yakiwa salama ndani ya bomba hayasemi kitu," alinifundisha. "Yakitoka husema. Bomba lililotoboka hupiga mluzi mwembamba. Kiungo kilicholegea hunguruma kwa chini, kama paka aliyeshiba."

Alinifundisha kwa sababu nilimwomba. Nilikuwa na mimba ya Kadzo, sina kazi nyingi, nikamfuata kwenye nyumba za watu na tumbo langu mbele. Alinifumba macho kwa kanga, akanipa mchi, akaniuliza: mluzi au paka? Mwanzoni nilikuwa nikisikia mapigo ya moyo wangu tu. Kufikia mwezi wa nane wa mimba nilikuwa sikosei.

Kadzo alizaliwa mwaka wa themanini. Siku hiyo Kahindi alikuwa akifunga mabomba katika nyumba mpya ya Gerishom. Alipopata habari aliacha kazi akaja mbio hospitali, mikono ina rangi nyekundu na nyuzi za katani zimemganda vidoleni, kwa kuwa mafundi wetu huzungusha katani penye kiungo na kuipaka rangi kabla ya kukaza, nayo ikilowa huvimba na kuziba. Nesi alimfukuza akanawe. Tulilicheka jambo hilo miaka.

Sasa niwaambie Gerishom ni nani, na mniwie radhi sauti ikinipanda. Alikuwa mkandarasi, Mgiriama kama sisi, mzee wa kanisa letu, mtu wa suti ya kijivu hata kwenye joto la Machi. Alijenga vyumba vya kupangisha nyuma ya soko, kisha akajijengea nyumba yake. Kote huko Kahindi ndiye aliyefunga mabomba, na kote huko Gerishom alitumia mchanga wa pwani. Mchanga mzuri wa kujengea ni wa mto Sabaki, nao hununuliwa na kuletwa kwa lori. Wa pwani huzolewa tu, ukapakiwa juu ya punda, na una chumvi ya kuungia mchuzi wa mji mzima. Ukilifunika nao bomba la chuma ndani ya ukuta, ile chumvi hulila bomba kutoka nje kwenda ndani, taratibu, huku ukuta umepakwa chokaa unameremeta.

Kahindi alimwambia. Nilikuwepo, nimeleta chakula. "Mzee, kama ni mchanga huu, tuyapitishe mabomba nje ya ukuta. Tutayaona yakiharibika."

Gerishom akacheka. "Bomba la nje ni la nyumba ya maskini, Kahindi. Yafukie."

Akayafukia. Kibarua hana kauli.

Mvua za mwaka wa themanini na mbili, ukuta mmoja wa vile vyumba ulianguka. Bomba lilikuwa limetoboka ndani kwa ndani na maji yameula ukuta miezi mingi. Ulimwangukia mpangaji aitwaye Mueni, mama wa Kikamba aliyekuwa akishona nguo za shule. Cherehani yake ikawa vyuma chakavu, na mguu wake wa kushoto mpaka leo anauburuta. Watu walianza kumwuliza Gerishom maswali, na Gerishom hakupenda maswali.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, alisimama mbele ya kanisa zima. Alisema mabomba mapya aliyonunua, Kahindi aliyauza, akafukia ya zamani. Alisema kwa huzuni, akishika kifua. Kahindi alikaa kando yangu na Kadzo mapajani, akamziba masikio kwa viganja.

Kwetu ibada ikiisha watu hupeana mikono nje. Wa kwanza hutoka akasimama, wa pili humpa mkono kisha akasimama kando yake, wa tatu huwapa wote wawili, hivyo hivyo mpaka mstari uzunguke kanisa na kila mtu awe amemshika kila mtu. Siku hiyo Gerishom alikuwa wa tatu kwenye mstari. Kahindi alipofika kwake akanyoosha mkono. Gerishom akaweka wake nyuma ya suti. Aliyemfuata akaona, naye akaweka nyuma. Mume wangu alipita mbele ya watu tisini mkono wake uko hewani, kwa maana hakujua aurudishe wapi. Mimi nilikuwa nyuma yake. Niliwahesabu.

Ninasema wazi: siku ile nilimchukia Gerishom kwa chuki ambayo sijapata kuiona kwa mtu mwingine, na niliilea. Nilipotwanga kwa mchi wa jirani nilikuwa nikitwanga jina lake. Mchungaji alipohubiri habari za kusamehe, nilitoka nje nikasema mtoto anataka kukojoa. Niliomba maombi ambayo mtu hawezi kuyatamka mbele ya mama mkwe.

Kazi mjini ilikwisha. Nani atamwita ndani fundi aliyetangazwa mwizi kanisani? Kahindi alikwenda Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, wakamweka kwenye injini ya pampu inayovuta maji ya bahari kuyapeleka mabwawani. Alisimama kando ya kelele za injini hiyo miaka mitatu. Ngozi ya miguu ilimpasuka kwa chumvi, hiyo tuliipaka mafuta ya nazi ikapona. Lakini mwaka wa themanini na tano, aliporudi kwetu kijijini Kakuyuni kulima mahindi na mihogo, nilimwita kutoka mlangoni naye hakugeuka. Nikamwita tena. Kadzo akaenda akamvuta shati. Usiku haukupita nikajua kwamba sikio la kulia limekufa, na la kushoto linasikia radi na kelele za watu tu.

Hakulalamika. Alichukua mchi kutoka kwenye gunia, akanirudishia. "Twangia," akasema. Nikaukataa. Nilimwambia mchi huo una kazi moja imebaki, na nitaingoja.

Nao wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Agosti ya themanini na sita, nikiwa napepeta mahindi uani, nilisikia hodi. Nikainua macho nikaona suti ya kijivu.

Shikamoo ya kumpa niliimeza. Nilimwonyesha kigoda.

"Mama Kadzo," akasema, "nina shida."

"Shida ni za watu wote, Mzee."

Alieleza. Nyumba yake ilikuwa ikivuja mahali fulani na hakuna aliyejua ni wapi. Mita haisimami. Tangi la juu halijai. Sakafu ya nyuma imeanza kutitia. Alikwisha kuleta fundi kutoka Mombasa, akachimba uani mashimo mawili, akapata minyoo. Na Desemba binti yake ataolewa, wakwe watafikia hapo, kutoka mbali, watu wakubwa. Alizungumza akimtazama Kahindi, aliyekuwa ametoka shambani akasimama kando yangu, naye Kahindi akimtazama midomo. Gerishom hakujua habari za masikio. Sisi hatukumwambia mtu.

"Tutakuja," Kahindi akasema.

Damu ilinichemka. Hata hakumwacha mtu aombe mara mbili. "Tutakuja Jumapili," nikasema kwa sauti ya kumfikia, "baada ya ibada. Na wazee wote wa kanisa wawepo, na Mueni awepo. Tunataka watu waone kazi."

"Si lazima Jumapili, Mama Kadzo," Kahindi akasema upesi. "Naweza kwenda kesho, peke yangu, kimya kimya."

"Peke yako utasikilizia nini?" nilimnong'oneza, akasoma mdomo wangu akaacha kubisha. Niliona ni ule upole wake, ule ule uliotuponza. Gerishom alikubali Jumapili. Mtu ambaye sakafu yake inatitia hana siku ya kuchagua.

Nililala vizuri juma lile. Nililisuka jambo langu kama ukili wa mkeka. Niliwaza: nikiupata huo uvujaji, sitausema. Nitaonyesha ukuta mwingine, na mwingine, na mwingine. Gerishom avunje nyumba yake kwa mkono wake mwenyewe mbele ya wale watu tisini, na kila ukuta ukifunguka, uwaonyeshe mchanga wa pwani na mabomba yaliyoliwa. Kisha tutakwenda zetu na maji yake tutamwachia.

Jumapili hiyo uani kwa Gerishom palijaa. Wazee wa kanisa walikuja, akina mama walikuja, Mueni alikuja akiburuta mguu wake. Mifereji ikafungwa, watu wakaombwa wanyamaze. Kahindi aliinamia mchi kwanza, kwa ajili ya macho ya watu, akatikisa kichwa kana kwamba amesikia jambo la kufikiria. Kisha akanipa.

"Mke wangu ana sikio jema," aliwaambia. Akaniambia mimi kwa chini, "Anza jikoni."

Nilianza jikoni. Niliweka mchi kwenye kizingiti cha mlango unaotokea uani, nikaweka sikio. Hapo hapo nikausikia uvujaji, chini ya kizingiti, kwa nguvu, unanguruma. Paka, tena amelala vizuri. Kazi ya nusu saa: unainua vigae viwili, unachimba kwa mwiko kina cha kiganja, unafika.

Niliinua kichwa. Kahindi alikuwa akinitazama usoni kama mtu anayengoja majibu ya hospitali.

"Umesikia?"

"La," nikasema. "Hapa pamenyamaza."

"Sidi," akasema. Jina langu tu. Yeye hunijua. Lakini nilikwisha kugeuka.

Nilizunguka sebuleni polepole, nikisikiliza hapa na pale, na sikusikia kitu chochote. Nikasimama mbele ya ukuta wenye saa kubwa na picha ya arusi ya Gerishom. "Humu," nikasema. "Nasikia humu."

Gerishom alishusha picha mwenyewe. Kijana wake wa kazi alipiga tindo na nyundo, na plasta ikaanguka vipande juu ya viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma. Bomba likatokea. Lilikuwa kavu, lakini lilikuwa limeliwa mpaka likawa na magamba mekundu yanayomeguka kwa ukucha. Hapakuwa na uvujaji. Palikuwa na kitu kizuri zaidi. Katika plasta, kila mahali, palikuwa na simbi ndogo za pwani, zile ambazo watoto huokota mchangani.

Niliokota kipande, nikampelekea Mueni. "Mama, onja."

Mueni alikitazama, akakigusa kwa ulimi. "Chumvi," akasema. Akampa mzee aliye kando yake, naye akaonja. Kipande kilipita mkono kwa mkono, wazee wa kanisa wakiramba ukuta wa Gerishom mmoja baada ya mwingine.

"Bomba hili lilikuwa jipya, au la zamani?" nikauliza. Alama ya kiwanda ilikuwa bado inasomeka, na mwaka wake. Mzee mmoja mwenye miwani aliisoma kwa sauti. Lilikuwa jipya siku lilipofukiwa.

"Na vile vyumba vya soko?" Mueni akauliza. Hakuniuliza mimi. "Mchanga ulikuwa huu huu, Mzee Gerishom?"

Gerishom alinigeukia mimi. "Kwa hiyo maji yanavuja wapi?"

"Tujaribu chumbani," nikasema.

Chumbani tulivunja pia, na ukuta wa bafu, na ule wa veranda. Jasho lilikuwa limepenya suti. Sijapata kufurahi namna ile, hata siku ya kuzaa. Baada ya ukuta wa nne Gerishom alirudi chumbani akaketi juu ya kitanda chake kilichojaa vumbi, akasema kwa sauti ambayo waliokuwa mlangoni walisikia, "Nilimsingizia Kahindi. Niliogopa Mueni atanishtaki."

Wazee walimtoa nje, uani. Hakuna aliyepanga, lakini mguu umezoea njia: mmoja alisimama, mwingine akasimama kando yake, na mstari ukajitengeneza kuzunguka kisima. Gerishom akawa wa tatu. Kahindi alipita mbele yao. Safari hii mikono yote ilitoka, na Gerishom alimpa miwili. Mume wangu aliipokea yote, watu wote, kichwa chini, machozi yanamlengalenga. Nikasema, mwacheni alie, ni haki yake.

Gerishom alinifuata mpaka lango. "Mama Kadzo, na maji?"

"Sikuyasikia, Mzee," nikasema. "Tafuta fundi mwingine."

Tulikwenda kungojea basi la Kakuyuni. Nilikuwa nimeuegemeza mchi begani, nimejaa, nataka kuongea. Kahindi alikuwa ameketi juu ya boksi la spana.

"Uliyasikia jikoni," akasema. "Chini ya kizingiti."

"Ndiyo."

"Yalisema nini?"

Nilitaka kujibu kwa kicheko, badala yake nikaushusha mchi begani. Maana nilijua yalisema nini. Nilikuwa nimejua tangu nilipoweka sikio, ila hasira haikunipa nafasi ya kulitazama.

"Kiungo," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Siku aliyozaliwa Kadzo. Nilipopata habari, katani ilinibakia vidoleni. Kiungo hicho nikakikaza kikavu, nikasema nitarudi kesho nikifunge vizuri. Kesho yake Gerishom akaniamuru nifukie, nami sikuona haya ya kufukia. Miaka sita nimekisikia hicho, Sidi. Hata injini ya Gongoni haikukizima. Ndiyo maana nilitaka kwenda peke yangu. Ningekifunga, nikamwambia."

"Ukimwambia, atasema fundi wa hovyo alikuwa wewe tangu mwanzo."

"Atasema kweli. Kwa hicho kimoja."

Basi lilikuja tukapanda. Usiku ule alitoa katani mpya na kopo la rangi, akaviweka mlangoni tayari kwa asubuhi. Nilivichukua nikavitia motoni vyote viwili, na rangi ikatoa moshi mweusi mpaka Kadzo akakohoa. Nilimwambia akienda kukifungua kile kiungo mbele ya Gerishom, basi anirudishe kwa baba yangu. Alinitazama mdomo mpaka nilipomaliza. Hakwenda.

Maji yale yalinguruma miaka mitatu mingine. Arusi ya binti ilifanyika kwa shangazi yake. Mwaka wa themanini na tisa jiko la Gerishom lilizama upande mmoja, kizingiti na vyote, naye akahamia kwenye vyumba vyake mwenyewe vya kupangisha nyuma ya soko. Watu walisema ni mkono wa Mungu. Niliwaacha waseme.

Mchi uko jikoni sasa, natwangia. Kahindi hulima. Hajakanyaga kanisani tangu Jumapili ile, yeye ambaye nilivunja nyumba ya mtu ili arudishiwe mstari. Mimi huenda na Kadzo. Ibada ikiisha Gerishom husimama wa tatu, mzee sasa, suti imemlegea, hunipa mikono yake miwili na kuuliza kila juma mbona mume wangu haji, wakati watu wote wanataka kumshika mkono.

Namwambia anaumwa sikio.